Kanga Iliyokaa Bombani

Wema hauozi, lakini huziba. Mnacheka nini? Asubuhi nilipomwambia Mwanjaa maneno hayo mlitazamana kama bibi yenu amekosea. Sijakosea. Nusu ya kwanza kila mtu anaijua, imeandikwa mpaka kwenye kanga. Nusu ya pili ni ya nyumba hii, na wala haikutoka kwa wazee wenye busara barazani. Ilitoka bafuni, na mimi nilikuwepo nimeshika ndoo. Kaeni basi. Na wewe Mwanjaa, vyombo havikimbii, kaa.

Mama wa babu yenu Mbaruku, yule Bi Mwanjaa wa kwanza, alikuwa akiishi peke yake shambani, huko juu milimani. Goti lilikuwa limeanza kumsumbua, na bafu lake lilikuwa nje, la makuti, chini mawe yanayoteleza. Alianguka mara mbili. Ile ya pili alikaa chini pale pale mpaka jirani alipopita na kumsikia akiita. Mbaruku aliposimuliwa hakula siku hiyo. Akasema mama anakuja kuishi nasi hapa Muheza, na kabla hajaja tunalibomoa bafu letu tulijenge upya, liwe la ndani, lenye vigae visivyoteleza na chuma cha kushikilia ukutani.

Fundi alikuwa Singano, mtu mpole, kazi yake safi. Mama alifika kabla kazi haijaisha, akawekewa kigoda mlangoni mwa bafu, na hapo akageuka msimamizi. Sasa sikilizeni. Fundi anayejua kazi, kabla ya kupanga vigae, huziba tundu la bomba la maji machafu ili saruji isiingie. Singano alitaka kuziba kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Mama akamwambia karatasi italowa, bafu la mwanawe liharibike. Akachukua kanga yake kuukuu, akaichana vipande viwili, kimoja akampa. Singano akakisokomeza bombani, akaacha mkia umechomoza, ili kazi ikikauka auvute.

Mimi siku hiyo nilikuwa sokoni na machungwa yangu. Sikuona chochote, wala hakuna aliyekumbuka kuniambia. Kesho yake wageni walikuwa wanakuja kumwamkia mama, nami mnanijua na usafi wangu. Nikasugua bafu jipya, nikaona kitambaa kimechomoza tunduni. Nikadhani kimenaswa kwenye saruji. Nikachukua mkasi, nikakikata, nikafunika chujio juu yake, nikajipongeza. Singano aliporudi hakuuona mkia, akajua tumeshauvuta. Akakusanya vifaa vyake, akaaga.

Wiki ya kwanza maji yalikwenda taratibu. Ya pili yakaanza kusimama. Ukioga, unajikuta uko kwenye dimbwi la povu mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mtasema, si tungemwita fundi? Tungemwita, kama katika nyumba ile angekuwepo hata mtu mmoja mchoyo wa roho aseme bafu bovu. Hakuwepo. Kila mmoja alijishika mwenyewe kwa kosa, akamficha mwenzake.

Mimi nilijua ni nywele zangu. Wakati ule zilikuwa zinafika mgongoni, msicheke. Nikawa naziosha uani, nyuma ya mipapai, kimyakimya. Mbaruku yeye alijua ni sakafu. Alikuwa amemwambia Singano aifanye tambarare kidogo ili mama asiteleze, kwa hiyo akaamini maji hayashuki kwa sababu yake. Akawa anaamka alfajiri kabla yetu, anayazoa maji kwa kizoleo, kisha anakwenda kuswali kama hakuna kitu. Hayo nimeyajua baadaye.

Mwezi ulipoandama, mama akasema anarudi shambani. Goti limepona, alisema. Na alisema huku ameshika ukuta.

Iliniuma, wajukuu zangu. Nilidhani nimemshinda, kwamba nimempikia vibaya au nimemjibu vibaya bila kujua. Mbaruku alikwenda kukata tiketi, na uso wake siku ile sitaki hata kuukumbuka. Tulijua wote wawili tunampeleka wapi. Tunampeleka kwenye yale mawe, na safari hii huenda jirani asipite.

Asubuhi ya safari nikaingia bafuni kumchukulia dodoki lake, asije akalisahau, maana alilipenda, alilivuna mwenyewe. Halikuwepo msumarini. Nikalikuta juu ya furushi lake, limefungwa kwenye karatasi, kavu kama kuni. Dodoki la mtu anayeoga kila siku linakaukaje namna ile? Nikaketi kitandani kwake nikamwuliza amekuwa akioga na nini.

"Nimekuwa nikijipangusa kwa kitambaa," akasema. "Wiki ya pili sasa."

"Kwa nini, mama?"

Akatazama mikono yake. "Dodoki langu lina nyuzi, mwanangu. Limeziba bafu la watu. Mmehangaika na bafu lile kwa ajili yangu, nami nimekuja kuliharibu. Niacheni niende kabla halijafa kabisa."

"Mama, ni nywele zangu," nikamwambia. "Naoga uani kama kuku."

Mbaruku alikuwa amesimama mlangoni na tiketi mkononi. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni sakafu. Niliisawazisha mimi."

Tukatazamana, sote watatu wezi wa kitu ambacho hakuna aliyekiiba. Nikavaa ushungi, nikaenda kumwita Singano.

Singano hakubishana na mtu. Akaniambia nimwage ndoo ya maji kwenye sinki la jikoni, yeye akaenda nje kufunua chemba, lile shimo yanakopita maji machafu. Maji yakaja mbio. Akaniambia nimwage ya bafuni. Yakaja yakidondoka. Akasema chemba ni nzima na sakafu ina mteremko wa kutosha, ugonjwa uko katikati, karibu na mlango wa bomba. Akatoa chujio, akakunja ncha ya waya ikawa ndoana, akaushusha, akavuta.

Kikatoka kitambaa, cheusi kwa uchafu wa sabuni. Singano akakisuuza kwenye ndoo yangu, akakikunjua. Rangi ilikuwa imepauka lakini maandishi yalisomeka vizuri: HAUOZI.

Mama akanyanyuka kwenye kigoda. Akaenda chumbani kwake akichechemea, akarudi na furushi. Alikuwa amelifungia kile kipande kingine cha kanga, na juu ya fundo palisomeka: WEMA.

"Hiki nilikupa mimi," akamwambia Singano.

"Na mimi niliacha mkia, bibi," akasema Singano. "Niliporudi haupo."

Hapo ikabidi niseme. Ningefanyaje? "Mkia niliukata mimi. Kwa ajili ya wageni wako, mama."

Mama alikiweka kile kitambaa kando ya fundo. Kisha akaanza kucheka, cheko la kukaa chini, mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea hata kicheko kilipokwisha. Akasema, "Kumbe ni kweli hauozi. Lakini huziba." Akalifungua furushi lake pale pale sakafuni, akalirudisha dodoki msumarini. Ile tiketi babu yenu aliitunza ndani ya msahafu wake. Mama aliishi nasi miaka kumi na mmoja, na hakuanguka tena.

Basi ndiyo hivyo. Tangu siku ile, mtu wa nyumba hii akianza kumficha mwenzake jambo kwa kumhurumia, huambiwa hivyo. Na mimi asubuhi sikusema kwa kujisemea. Mwanjaa, wewe uliyepewa jina lake, umeniambia hutaki tena chuo cha uuguzi kwa sababu Dodoma kuna vumbi. Vumbi. Mwenzako alisema goti limepona. Barua ya kukubaliwa nimeiona chini ya godoro lako nilipokuwa naanika shuka, ina wiki mbili. Unaogopa kuniacha peke yangu wenzako hawa wakirudi kwao, nami nimejikausha ili usione kwamba naogopa kuachwa. Haya, naogopa. Nimeshasema, na sijafa.

Usilie, mama yangu. Wema hauozi, lakini huziba. Kailete hiyo barua tuisome.