Kuchakulo, Ngiri na Jitaa la Kunguru

Paukwa!

*Pakawa!*

Mlango umefungwa?

*Umefungwa, bibi!*

Nani kabaki nje?

*Jua peke yake!*

Basi liacheni hukohuko, hadithi hii hailihusu.

Hapo kale, wala si kale sana, kale ya juzijuzi, alikuwako Kuchakulo. Kuchakulo ni mnyama mdogo wa ukoo wa kindi, ila yeye hakai mtini, hukaa shimoni. Alikaa na mamake. Mamake alikuwa na magoti mabovu. Akisimama, kwaru! Akikaa, kwaru! Mwisho akaacha kusimama, akaacha na kukaa, akawa analala tu chumba cha ndani akingoja mafuta.

Mafuta yenyewe yalikuwa ya bangi. Unachukua maua ya bangi, unayachemsha katika mafuta ya ufuta, unachua magoti. Msinitazame hivyo. Mimi nasimulia, sijamchua mtu.

Sasa Simba, mfalme, alikuwa ametoa amri. Mpiga mbiu akapita kila kichaka: "Ni marufuku kwa mnyama yeyote kupanda bangi mahali panapopigwa na jua!" Kuchakulo akaisikiliza amri mpaka mwisho, kwa adabu zote. Kisha akarudi nyumbani akapanda miche mitatu ndani ya shimo. Ndiyo raia mwema huyo.

Lakini shimoni giza, na mmea hauli giza. Kuchakulo akaenda dukani kwa Kunguru. Kunguru alikuwa na duka la taa, maana kila kinachong'aa Kunguru anacho, na amekipataje, tusiulizane.

"Hodi, Kunguru."

"Karibu, mteja. Wataka nini?"

"Taa."

"Ya nini?"

"Ya mchicha."

"Mchicha wenye harufu?"

Kuchakulo akageuka kutazama chupa za rafuni.

"Kwaa! Nimeelewa. Chukua hii."

Akampa chupa ya vimulimuli. Mepe, mepe, mepe. Nzuri kuitazama. Lakini miche ikarefuka ikitafuta mwanga, ikarefuka, ikawa myembamba, kila mmoja umenyoosha shingo kama mtu anayechungulia harusi asiyoalikwa. Halafu ikaanguka. Puu.

Kuchakulo akapanda mingine, akarudi dukani.

"Hodi, Kunguru. Hii ndogo mno."

"Kwaa! Chukua hii."

Akampa karabai. Fuuuu! Shimo zima likawa joto. Mamake akatupa shuka. Majani yakajikunja, ncha zikawa kahawia, kukanuka kisamvu kilichoungulia chunguni. Kuchakulo akataka kuipandisha karabai juu, lakini juu penyewe hapakuwapo, dari ilikuwa palepale kichwani.

Akapanda mingine, akarudi.

"Hodi, Kunguru. Hii kali mno."

Kunguru akakuna shingo, akaingia stoo. Akatoka na kitaa kidogo, cheupe, bapa kama kigae.

"Hii ni taa baridi," akasema. "Itundike karibu, lakini si karibu sana. Weka kiganja chako pale lilipo jani. Ukisikia joto, basi na jani linasikia. Mmea ukipanda, nayo uipandishe. Na uizime. Nusu ya siku iwake, nusu ilale. Mmea usiolala hautoi ua."

Umeme ukatoka kwenye sola iliyowekwa juu ya kichuguu. Kwa hiyo jua likawa linaingia shimoni kwa waya, na Simba hakuwa amesema lolote kuhusu waya.

Mimea ikakaa vizuri. Ikanenepa, ikawa ya kijani kibichi, ikatoa maua. Kuchakulo akafurahi mno. Kila asubuhi anaweka kiganja, anaangalia, anamwambia mamake, "Bado kidogo, mama." Naye mamake anajibu, "Nangoja, mwanangu, niende wapi?"

Lakini harufu haijui amri wala mlango. Ikatoka. Ikatembea. Ikafika puani kwa Ngiri.

Ngiri huyu tangu azaliwe hajachimba shimo. Mashimo yote aliyolala yalichimbwa na muhanga, au nungunungu, au marehemu fulani. Yeye alikuwa na njia yake. Akiona shimo zuri, hageuzi maneno, anageuza mwili. Anaingia kinyume, kinyume, kinyume. Matako yanatangulia, uso unafuata. Akishaingia, meno yake makubwa yanabaki mlangoni yanakutazama. Nenda kamtoe.

Akaja. Nfff! Nfff!

"Nani anakaa hapa?"

"Mimi, Mzee Ngiri, na mamangu mgonjwa."

"Mlikuwa mnakaa vizuri?"

"Vizuri, alhamdulillahi."

"Basi mmeshakaa. Kesho jioni nahamia mimi. Na hicho kinachonukia, kiacheni humo humo."

"Mzee, mamangu hawezi kutembea. Huko nje mwewe wamejaa."

"Mwewe nao wanakula," akasema Ngiri.

Kuchakulo akalia. Msidhani alikuwa anaigiza. Alilia kweli, maana mama alikuwa mmoja na shimo lilikuwa moja. Kisha akafuta pua, akafikiri. Akasema:

"Mzee, mlango ni mwembamba."

"Upanue."

"Na taa ya bustani ni ndogo, kiasi changu mimi."

"Kiasi chako wewe! Mimi mtu wa kukaa na taa ya kindi? Dukani hakuna kubwa?"

"Lipo jitaa moja, Mzee. Lakini nakuomba, usilichukue hilo. Ni la bustani ya tembo. Linachoma."

"Lilete hilohilo."

"Basi litundikwe juu kabisa."

"Litundikwe chini kabisa! Mimea yangu isipate tabu ya kungoja."

"Basi lizimwe nusu ya siku."

"Lisizimwe hata kidogo! Mimi Ngiri nilale gizani na taa ninayo?"

Kuchakulo akainamisha kichwa. "Neno lako ndilo neno, Mzee."

Na mtaona wenyewe kwamba mpaka hapo Kuchakulo hajamwambia Ngiri uongo hata mmoja.

Kesho yake akafanya kazi. Akapanua mlango, chwaka, chwaka, chwaka. Akahamisha mimea yake na taa yake baridi chumba cha ndani kwa mamake, akaziba kwa udongo, akaacha tundu la kupitia yeye tu. Kunguru akaleta jitaa pamoja na betri nzito kama kobe. Likatundikwa sebuleni, chini, likiutazama mlango.

"Chini mno hilo," akasema Kunguru.

"Nimeagizwa," akasema Kuchakulo.

Wakaliwasha. Wiiiiii! Sebule ikawa nyeupe. Mende mmoja akapita mbele yake, hakufika upande wa pili.

Jioni Ngiri akaja, ametakata, amejipaka tope jipya. Kanga wakajipanga kutazama, maana mtu akihamia, kanga hawakosi. Ngiri akageuka. Kinyume, kinyume, kinyume.

Chwaaaa!

"Uwiii!" Ngiri huyo nje. "Nani kaniuma?"

"Hakuna mtu, Mzee," akajibu Kuchakulo kutoka ndani. "Ni taa yako. Ipo chini kama ulivyoagiza. Niipandishe?"

Ngiri akawatazama kanga. Kanga wakamtazama Ngiri.

"Ngiri habadilishi neno," akasema Ngiri.

Akageuka. Kinyume, kinyume, kinyume.

Chwaaaa!

"Uwiii!"

"Pole, Mzee. Niizime?"

"Ngiri habadilishi neno!"

Sasa mkia ulikuwa unatoa moshi. Kuchakulo akasema kwa upole, "Basi ingia kwa uso, Mzee, uione ilipo, uikwepe."

Hapo Ngiri akasita. Tangu babu wa babu yake, ngiri hajaingia shimoni kwa uso. Anayeingia kwa uso anaacha nyuma yake nje, na nyuma ya ngiri ni chakula cha Chui. Kila mtoto wa ngiri hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa jina lake. Lakini matako yalikuwa yanawaka, na kanga walikuwa wanatazama. Akaingia kwa uso.

Wiiiiii! Macho yakajaa weupe. Haoni taa, haoni ukuta, haoni pua yake. Meno yakakwama huku na huku. Mbele mwanga, nyuma amebaki nje, anafuka moshi, ananukia kitimoto kilichokaribia kuiva.

Nje kanga wakanyamaza.

"Kanga," akaita Ngiri, "mbona kimya?"

Kimya.

"Mzee Ngiri," akasema Kuchakulo, taratibu, "kuna mtu hapo nyuma yako anauliza, hiyo nyama imeshaiva au bado?"

Loo! Ngiri alichomoka shimoni kama kizibo cha chupa. Hakugeuka kuangalia. Akakimbia, vumbi tifu, tifu, tifu, mkia ameunyanyua juu wima upate upepo. Hata leo ngiri akikimbia huunyanyua mkia hivyo. Wataalamu wana maelezo yao, na mimi nina yangu.

Kama Chui alikuwapo kweli, sijui. Kuchakulo alikuwa ndani, na Ngiri alikuwa ameziba mlango, sasa Kuchakulo angeona nini? Lakini kanga nao hawanyamazi bure.

Kuchakulo akazima jitaa, akalirudisha dukani. Mlango uliopanuliwa ukaachwa vilevile, ukaleta hewa, na maua yakakauka bila kuota ukungu. Mamake akachuliwa magoti. Kwamba yalipona, siwezi kuapa. Yaliendelea kusema kwaru, ila kila yakisema kwaru, mama alicheka.

Ngiri akaenda kulala katika shimo la muhanga, akawaambia watu lile la Kuchakulo amelikataa mwenyewe, halina hewa.

Basi watoto, funzo la hadithi hii ni kwamba ukienda kununua taa, nunua kubwa kuliko zote dukani, uitundike chini, na usisikilize ushauri wa mtu.

*Lakini bibi, Ngiri si aliagiza kubwa akaungua?*

Aliungua kwa sababu haikuwa kubwa ya kutosha.

Na hadithi yangu imechoka, imekaa. Ikiwa tamu, kamsimulieni jirani. Ikiwa chungu, nirudishieni mimi, nimezoea.