Neno Ambalo Liwali Hakutaka Kulisema

Hapo zamani, mji wa Kiwamba ulipokuwa bado umezungukwa na ukuta, alikuwako liwali mmoja jina lake Mselem bin Hafidhi, mtu mkubwa wa cheo na mkubwa zaidi wa tumbo. Naye alikuwa na mpishi, mjane aitwaye Bi Shumi, ambaye akifunua sufuria ya biriani jikoni, watu wa msikiti wa jirani husahau wamesali rakaa ngapi.

Bi Shumi huyu hakuwa mjakazi. Alikuja kwa mkataba ulioandikwa na kutiwa muhuri, nao ulisema hivi: atampikia Liwali mpaka siku ile Liwali atakaposema "nimeshiba", na siku hiyo mpishi atakuwa huru kwenda zake, na ile nyumba ya mawe iliyo karibu na soko itakuwa mali yake. Bi Shumi aliposomewa masharti hayo alicheka moyoni. "Mimi nishindwe kumshibisha mtu mmoja?" alijisemea. "Kesho kutwa nahamia." Akachovya kidole katika wino, akakibandika pale chini.

Siku ya kwanza akapika wali wa nazi, kuku wa kupaka na mkate wa kumimina. Liwali akala mpaka mshipi ukamkatikia. Akajipangusa midomo, akasema, "Alhamdulillahi, nimetosheka." Bi Shumi akasubiri, lakini Liwali akanawa mikono akaenda kulala. Siku ya pili akasema, "Nimekinai." Siku ya tatu, "Tumbo limejaa ndi." Ikawa kila siku ana neno lake jipya, ila lile moja halimtoki, na miaka mitatu ikapita hivyo.

Katika miaka hiyo binti yake Bi Shumi, Mwanaiki, aliolewa katika mji wa Tundwi, mwendo wa siku mbili, na mama yake hakuwapo hata kumpaka hina. Hata siku moja ikaja habari kwamba Mwanaiki ana mimba ya kwanza, imeingia mwezi wa nane, naye analia akisema, "Nitajifungua mikononi mwa nani kama mama hayupo?" Bi Shumi naye akalia, tena akalia juu ya sufuria, mchuzi wa siku ile ukazidi chumvi.

Kulipokucha akajipa moyo, akamwendea Liwali barazani.

"Bwana Liwali, miaka mitatu unakula ukishiba mpaka wabebwa. Nipe ruhusa yangu niende kwa mwanangu."

Liwali akacheka, tumbo likatikisika. "Mkataba hausemi nikishiba, Bi Shumi. Wasema nikisema. Tumbo langu halikutia sahihi. Kinachotakiwa ni ulimi, na ulimi wangu bado. Ukitoka kabla ya hapo wewe ndiwe uliyevunja mkataba, nami nitakutia gerezani."

Basi Bi Shumi akavaa buibui lake, akatoka kwenda kutafuta wakili. Wa kwanza aliposikia jina la mshtakiwa aliugua homa palepale mlangoni. Wa pili alisoma mkataba mara mbili, akatikisa kichwa, akasema andiko limemfunga. Wa tatu alimtuma mkewe aseme kwamba amekufa, na sauti yake ilisikika ndani ikimsahihisha mkewe, "Mwambie tangu jana."

Bi Shumi akaketi ngazini pale kwa marehemu, hajui aende wapi. Na kwenye ngazi ile alikuwa amekaa Vuai, fukara mmoja ambaye mji mzima ulimjua, asiye na kazi ila kukaa katika baraza za watu na kujibu maswali ambayo hakuulizwa.

"Mimi ni wakili," akasema Vuai.

"Tangu lini?"

"Tangu uliposhuka ngazi hizi bila wakili."

"Lakini wewe, ndugu yangu, hata kusoma hujui!"

"Waliosoma umewaona," akasema Vuai. "Hebu nieleze."

Bi Shumi akaeleza yote. Alipofika kwenye maneno ya Liwali, Vuai akamtaka ayarudie, kisha ayarudie tena, huku akitabasamu kama mtu anayesikia taarabu. "Amesema kinachotakiwa ni ulimi? Kwa kinywa chake? Basi nipe mkataba. Ujira wangu ni sahani moja ya biriani, nayo niipate kabla ya shauri. Tukishindwa nitakuwa gerezani, na huko hakuna iliki."

Bi Shumi hakuwa na imani naye hata chembe, ila hakuwa na mwingine. Akampikia.

Siku ya shauri watu walijaa mpaka nje. Kadhi alikuwa Sheikh Burhani, mzee mwadilifu ambaye macho yake yalikuwa hayaoni tena maandishi. Liwali akaja na walinzi wanne, akakalia kiti kipana. Akaulizwa ana jawabu gani.

"Ya Sheikh, jawabu langu ni fupi," akasema Liwali. "Mkataba hauulizi tumbo langu lina nini, wala moyo wangu unakusudia nini. Wauliza ulimi umetamka nini. Na neno lile ulimi wangu haujalitamka. Shahidi ni mpishi mwenyewe."

"Karani, andika hivyo," akasema Kadhi. "Na sasa wakili wa mdai atusomee mkataba."

Vuai akasimama, akakunjua karatasi, akaishika juu chini. Bi Shumi akaona muhuri umekaa pale lilipopaswa kuwa jina la Mungu, akajifunika uso kwa ushungi.

Vuai akasafisha koo. "Bi Shumi, mpishi, atampikia Liwali Mselem bin Hafidhi, mpaka siku ile Liwali atakaposema... atakaposema... 'nimeshindwa.'"

Watu wakacheka. Liwali akasema, "Sivyo! Soma vizuri."

"Niwie radhi, Bwana. Wino umefifia." Vuai akaisogeza karatasi puani. "Mpaka siku ile Liwali atakaposema, 'nimeshikwa.'"

"Umeshikwa na nani, Bwana Liwali?" sauti ikauliza kutoka nyuma, na kicheko kikazidi.

"Sivyo, mpumbavu wee!"

"Ah, kumbe kuna maneno yanafuata! Macho yangu haya. Atakaposema, 'Nimeshikwa na tumbo la kuendesha.' Na chini yake muhuri wa Bwana Liwali, kuthibitisha."

Baraza zima likaangua kicheko. Mlinzi mmoja aliangusha mkuki wake. Hata Kadhi akakohoa kwa muda mrefu ndani ya kilemba. Akamwelekea Liwali, akauliza kwa upole, "Bwana Liwali, ulilitilia muhuri wako jambo hilo kweli?"

Liwali akaruka kitini, uso mwekundu kama ungo wa pilipili. "Nimeshiba!" akapiga kelele. "Nimeshiba, ewe punguani, nimeshiba! Ndivyo ilivyoandikwa! Ni-me-shi-ba!"

Vuai akakunja karatasi polepole.

"Ya Sheikh Kadhi," akasema, "mara nne. Mkataba ulitaka moja."

Liwali akagutuka. "Sikukusudia! Nilikuwa namsahihisha! Tena tangu asubuhi sijala kitu, nina njaa!"

Kadhi akageuka. "Karani, nisomee lile jawabu la Bwana Liwali."

Karani akasoma: mkataba hauulizi tumbo lina nini, wala moyo unakusudia nini, wauliza ulimi umetamka nini.

"Na ulimi umetamka," akasema Kadhi, "na mimi si kiziwi. Nyumba ni ya Bi Shumi, naye yu huru tangu saa hii."

Liwali akamtazama Vuai, akaitazama karatasi, akagundua kwa mara ya kwanza jinsi ilivyoshikwa. "Wewe! Hujui kusoma?"

"Hata alifu, Bwana wangu."

Liwali akajaribu kukasirika, midomo ikamcheza, akashindwa. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akamvulia Vuai joho lake alilovaa, nalo lilikuwa pana kiasi cha kumtosha Vuai na baraza aliyokuwa akikalia.

Jioni ileile Bi Shumi alifunga mzigo wake. Alifika Tundwi siku tatu kabla ya uchungu, na mtoto wa kike alipotoka, mikono ya kwanza kumpokea ilikuwa ya bibi yake.

Siku ya arubaini ilipokaribia, akaja tarishi kutoka Kiwamba, amekonda. Akasema Liwali anapikiwa na walinzi, wali unaungua chini na juu ni mbichi, naye anamsihi Bi Shumi arudi kwa mkataba mpya, masharti aweke yeye.

Bi Shumi alikuwa akimkanda mjukuu wake mafuta ya nazi, hakuinua hata kichwa. "Mwambie nimekubali," akasema. "Ila mkataba utasomwa mbele ya watu, na atakayeusoma ni wakili wangu."

Tarishi akarudi na salamu hizo. Liwali akafikiri kitambo, akaivuta sahani ya wali ulioungua, akala.