Wimbo wa Mihayo na Paa la Nyamizi

"Wimbo wa ndoa huimbwa juu ya paa." Mmeisikia harusini, wajukuu zangu, mkacheka, mkaniuliza: kwani mwimbaji ni paka? Ngojeni. Methali hii ilianza hivi.

Nyamizi alikuwa mke wa Mihayo, mpiga zeze. Wimbo mmoja ulimzungusha Mihayo vijiji vyote: jinsi alivyozeeka na Nyamizi wake, wasiachane kwa njaa wala kwa ndwele. Wanawake wa watu walilizwa na utamu wake. Nyamizi alilizwa na paa. Lilivuja mpaka kitandani, na kila alipolitaja, Mihayo alijibu, "Kesho, mke wangu," akabeba zeze, huyoo, harusini kwa watu.

Siku moja mvua ikalowesha mbegu za mtama, zikachipua humo humo kapuni. Ndizo walizotegemea kupanda. Nyamizi akazitazama, akasonya.

Sasa, kwao ilikuwa mwiko mwanamke kupanda paa mumewe angali hai. Mjane tu ndiye aliyejiezekea. Nyamizi akajifunga kibwebwe, akabeba nyasi, akapanda mchana kweupe.

Jirani alipomwona akapiga yowe. Watu wakajua Mihayo kafia safarini. Wakamiminika, wengine na unga wa matanga. Mihayo anarudi, anawakuta wanalia uani.

"Jamani, nani kafa?"

"Wewe!" akafoka shemeji yake, machozi hayajamkauka.

Mihayo akatazama juu. "Mke wangu, shuka! Unanizika mzima mzima?"

"Kitendawili!"

"Nyamizi, watu wanatutazama."

"Sema tega!"

"Haya, tega."

"Yupo kwa kila mtu, kwake hayupo."

Uwanja ukaangua kicheko. Jibu Mihayo alilijua, hakuhitaji kutoa mji.

"Lakini nakuimba wewe tu. Nchi nzima yajua nakupenda!"

"Nchi nzima haivujiwi, baba. Navujiwa mimi. Ama panda, ama niache niezeke kama mjane, na usilale humu tena."

Mihayo akaweka zeze chini, akapanda. Nyamizi akashuka, akawa anamrushia nyasi. Jasho likamtiririka mzee wa watu, akaanza kuuvuta wimbo ule ule, pumzi zikikatika, sauti ikikwaruza kama mlango mbovu. Nyamizi, aliyekwisha kuuchoka siku nyingi, akajikuta anaitikia.

"Hapo umeruka, pana tundu," akamwambia katikati ya ubeti.

Mihayo akaziba, akaendelea kuimba.

Basi, wajukuu zangu, wimbo wa ndoa huimbwa juu ya paa.