Ng'ombe wa Holo

Mtu mmoja alikuwa na binti na maksai mchanga, na wote wawili walimnyima usingizi. Mtu huyo aliitwa Shigela. Alilima pamba na mtama, na kwa kazi za mikono hakuna aliyemshinda pale kijijini. Shule tu ndiyo hakufika nayo mbali. Alitolewa darasa la tatu akachunge, na hadi utu uzima wake akisoma aliweka kidole chini ya neno, kama mtu anayemzuia sisimizi asikimbie.

Binti aliitwa Holo. Alikuwa darasa la nne kwa mara ya pili. Kusoma alisoma kwa kukokota, na hesabu ndiyo usiseme. Mwalimu wake, kijana mpole aitwaye Anyisile, alikuja nyumbani siku moja, akapewa kigoda, akasema alichokuja kusema: mtihani ukimshinda na safari hii, atarudia tena darasa lile lile. Holo alikuwa hapo hapo uani akichambua mboga. Akainua kichwa.

"Nikae tena na wale wadogo? Sirudi. Afadhali nibaki nyumbani."

Akaendelea kuchambua mboga zake.

Shigela aliingiwa na hofu. Ninyi wazazi mnaijua hofu ile. Huku kwetu msichana aliyeacha shule hukai naye muda mrefu. Wataanza kupita wazee wenye vijana wao wa kuoza, watakaa, watasifia hata maji ya kunywa waliyopewa, na kabla hujashtuka mazungumzo yameshakuwa ya mahari. Na Holo alikuwa mtoto bado, analala mdomo wazi. Shigela hakulitaka jambo hilo. Alilikataa kwa moyo wake wote, ila hakujua ashike wapi.

Akashika pasipofaa. Holo alipenda ng'ombe kupita kiasi. Alijua tabia ya kila mmoja, nani mwizi wa majani, nani ana kisirani, na yule maksai mchanga, Mabaka, aliyekuwa akifundishwa kulima, hakukubali kuongozwa kamba na mtu mwingine. Shigela akasema, hapa ndipo akili za mtoto zinapopotelea. Akampiga marufuku kukanyaga zizini. Kila jioni akamkalisha uani na kitabu cha shule. Ndani yake mlikuwa na mtoto aliyepanda treni kwenda kwa shangazi yake mjini, na hesabu zilikuwa za mananasi. Holo hakuwahi kuona treni, na nanasi alilionja mara moja tu, harusini. Alisoma huku akipiga miayo. Alihesabu huku akitazama zizi. Baba alifoka, mtoto alilia, kitabu kikafungwa. Kesho yake yakawa yale yale, na mtihani unasogea.

Mvua nayo ilikuwa inasogea, na Mabaka hajui kazi. Sasa sikilizeni jinsi tunavyofundisha maksai huku kwetu. Unamfunga nira, unamfungia gogo nyuma, halafu unamwelekeza kule kwenye udongo wa chumvi ambao ng'ombe wote hupenda kuulamba. Akiitaka ile chumvi, atavuta gogo. Shigela alilijua hilo tangu utotoni. Lakini mtu mwenye wasiwasi husahau hata anachokijua. Maksai amelala chini amegoma, Holo hayupo wa kushika kamba, na mawingu yale kule. Basi Shigela akachota chumvi akaipaka kwenye gogo lenyewe, ili mnyama alipende gogo. Lo! Mabaka aliinuka, akageuka nyuma, akajizungushia kamba miguuni, akalamba gogo mpaka likang'aa. Kisha akalala tena.

Mnacheka? Hata Holo alicheka. Alikuwa mlangoni pa jikoni, na kujizuia kukamshinda.

"Baba jamani! Chumvi umeshampa hapo hapo alipo. Sasa avute aende wapi?"

Shigela akamwambia arudi kwenye kitabu chake. Masikio ya baba yalisikia, mwenyewe hakusikia.

Asubuhi akaenda shuleni kumsihi mwalimu. Mwalimu Anyisile akamuuliza swali zuri: huyu mtoto anapenda nini? "Ng'ombe," Shigela akajibu kwa uchungu, kama anayetaja ugonjwa. Mwalimu akafurahi. Hakuwa mvivu yule kijana, na nisingependa mumfikirie vibaya. Jioni ile ile alikaa akaondoa mananasi kwenye hesabu, akaingiza ng'ombe. Akaandika na kuchora hadithi fupi za kusoma, kila ukurasa una pembe na mkia. Holo alipopewa, macho yalimng'aa. Siku hiyo alisoma mpaka mwisho. Siku iliyofuata alikuwa akiwatia madoa wale ng'ombe wa kuchora na kuziotesha tarakimu pembe. Baada ya hapo miayo ikarudi. Mwalimu alipomuuliza kulikoni, Holo alimjibu kwa adabu.

"Mwalimu, hawa ng'ombe ni wa nani? Hawali, hawaugui, hawana mwenyewe. Nikikosea hesabu wao wanapatwa na nini?"

Mwalimu alimsimulia Shigela walipokutana njiani, na Shigela akasimama pale pale katikati ya njia na jembe lake begani. Maneno ya Holo ya siku ya gogo yakamrudia, na safari hii yakaingia. Kumbe na mtoto tumempakia chumvi kwenye gogo, akajisemea. Amelamba, basi. Lakini msidhani alipata nafuu. Hofu ilizidi, kwa sababu sasa alilijua kosa na hakujua dawa yake. Mbele ya Holo kuna nini cha kumvuta? Mtihani? Mtihani ulikuwa wa baba. Ni baba aliyekuwa akiuota usiku, wala si mtoto.

Katika hali hiyo Mabaka akaugua. Manyoya yalimsimama, tumbo likamjaa, akaacha kucheua. Bwana mifugo alipita na pikipiki yake akiwa mbioni kwenda kuchanja vijiji vya mbali, akamtazama akasema ni minyoo. Akaacha chupa ya dawa ndani ya boksi lake, pamoja na utepe wa kupimia.

"Mpimeni kifua, hapa nyuma ya miguu ya mbele," akasema. "Boksi linaeleza kifua hicho ni kilo ngapi, na kilo hizo ni dawa kiasi gani. Msipunguze, haitafanya kazi. Msizidishe, mtamuua. Na chupa hii ni ya zizi zima, msiimwage ovyo." Akapiga kiki, akaondoka.

Shigela alichukua boksi na utepe, akampima ng'ombe, akaenda nyuma ya ghala na kidole chake chini ya maneno. Alikaa huko muda mrefu, jasho linamtoka, lakini hesabu aliipata. Angeweza kumnywesha maksai wake na mambo yakaisha. Akainuka kwenda kufanya hivyo. Ndipo wazo likamjia, na likamtisha, maana alimpenda yule ng'ombe, na bila yeye shamba lisingelimwa. Akasimama na chupa mkononi. Akajisemea, Shigela, unacheza na moto. Kisha akaita.

"Holo!"

"Abee, baba."

"Njoo zizini."

Mtoto akasita, kwa kuwa alikatazwa.

"Njoo, nimesema. Kuanzia leo Mabaka ni wako. Anaumwa. Dawa hii hapa, na maelezo yako kwenye boksi. Mtibu."

Hapa mnielewe vizuri. Huku kwetu ng'ombe huja nyumbani kwa ajili ya binti. Hakuna binti anayepewa ng'ombe. Jirani mmoja aliyekuwa akipita alisikia, akasimama kwenye ua. "Shigela, umerukwa na akili?" Shigela alikuwa akimtazama binti yake usoni, na usoni hapakuwa na furaha aliyoitegemea. Palikuwa na woga mtupu.

"Nikimuua je, baba?"

"Ni wako," akasema Shigela.

Holo akakaa chini kwenye vumbi, boksi mapajani. Akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi. Neno "mililita" lilimkataa, akalirudia mpaka likakubali. Hakupiga mwayo. Alipitisha utepe kifuani kwa Mabaka, baba akishika kichwa, akatafuta namba ile kwenye boksi: kilo mia moja sitini. Akasoma mstari uliofuata: mililita moja kwa kila kilo ishirini. Akaokota kijiti, akaandika mchangani, akafuta, akaandika tena.

"Themanini," akasema.

Shigela nyuma ya ghala alipata nane. Themanini ni kifo. Mtoto alikwisha fungua chupa na kuanza kumimina dawa kwenye chupa tupu ya soda ya kumnyweshea, akifuata mistari ya vipimo ubavuni mwa chupa ya dawa. Baba akafungua kinywa. Nanyi watu wazima mnajua jinsi jibu linavyouwasha ulimi, hasa unapoona mtoto anapotea mbele ya macho yako. Akauuma ulimi. Aliapa moyoni kwamba ile chupa ya soda ikifika tu mdomoni mwa ng'ombe ataipiga teke iruke, lakini si kabla ya hapo. Akangoja, na kungoja kule kulikuwa kugumu kuliko kulima.

Dawa ikashuka, ikazidi kushuka. Holo akaona chupa ya bwana mifugo inakaribia kwisha. Mkono ukasimama.

"Ngoja kwanza. Si alisema hii ni ya zizi zima?" Akaitazama chupa, akamtazama Mabaka, akaitazama tena chupa. "Mbona ng'ombe mmoja anaimaliza?"

Akairudisha dawa polepole, tone kwa tone, akakaa tena chini. Mpaka siku ile Holo hakuwahi kurudia hesabu aliyokwisha kuitolea jibu. Jibu likitoka, liwe la kweli liwe la uongo, kwake ulikuwa mzigo uliotuliwa, na nani hurudi kuubeba mzigo aliokwisha kuutua? Leo alirudi. Akaokota kokoto akazipanga mstari, kila kokoto moja kilo ishirini. Ishirini, arobaini, sitini, akaendelea mpaka mia moja sitini. Kisha akahesabu kokoto zenyewe.

"Nane," akasema. "Baba, ni nane." Machozi yakamtiririka. "Nilikuwa namuua."

"Nane," akaitikia Shigela, akamshikia chupa wakapima nane. Wakamnywesha pamoja, mmoja akishika pembe, mwingine akishika chupa.

Asubuhi Shigela alikwenda zizini mapema. Mabaka alikuwa bado amelala, ingawa masikio yalicheza kufukuza nzi. Angepona? Angekufa? Hapakuwa na aliyejua. Lakini Holo, ambaye Shigela alitegemea kumkuta kando ya ng'ombe wake, hakuwepo. Hakuwepo jikoni wala kisimani. Shigela akaogopa. Akadhani mtoto ameshindwa kuvumilia kumwona Mabaka katika hali ile, amekimbia. Akatoka akimwita njia nzima, mpaka akafika shuleni bila kukusudia.

Kengele ilikuwa haijagongwa. Uwanja ulikuwa mtupu. Mlangoni mwa darasa alisimama Holo mbele ya Mwalimu Anyisile, nywele hazijachanwa, miguu imejaa samadi.

"Mwalimu," Shigela alimsikia akisema, "nifundishe kugawanya. Nataka kujua pale nilikosea wapi."

Mwalimu alichukua chaki.

Shigela hakuingia. Alisimama nje akisikiliza, na siwadanganyi kwamba hofu ilimtoka, kwa maana mtihani ulikuwa bado mbele na ng'ombe alikuwa bado amelala zizini. Lakini ninyi mnaokaa hapa mkilalamika kwamba watoto wa siku hizi hawataki vitabu wala hesabu, nawauliza: mmewakabidhi nini kilicho chao kweli, ambacho wasiposoma vizuri kitawafia mikononi?