Kwa Nini Ukuni Mbichi Hulia Motoni

Zamani, moshi ulipokuwa haujaijua njia ya machoni, moto ulikula kile tu kilichomaliza kazi yake. Gunzi lililopukuchuliwa, pumba zilizopepetwa, kinyesi cha ng'ombe kilichokauka juani. Na kuni, wajukuu zangu, hazikukatwa. Mwanamke alikwenda kwenye mti, akalipigapiga shina kwa kiganja, akauliza, "Umechoka na lipi?" Mti ukadondosha tawi lililokufa, naye akalibeba. Moto wake uliwaka bila moshi hata wa kumpigisha mtoto chafya.

Kalunde alikuwa na mti wake wa mninga nyuma ya zizi. Alionyeshwa na mama mkwe wake, Bibi Nyanzobe, alipoletwa pale bi harusi. Akauzoea, akawa anausimulia hata yale ya nyumbani yasiyosemeka.

Ikafika siku ya wageni kuja kumposa binti yake. Wifi yake Milembe, ulimi wake upupu, akachungulia jikoni. Akaona magunzi na vinyesi vikavu vimepangwa kando ya mafiga, akaangua kicheko.

"Wifi, wageni utawapikia kwa hivi? Watasema wamekuja kuposa zizini!"

Neno likamchoma Kalunde kama mwiba wa samaki. Akaenda kwa mninga, akauliza. Ukadondosha vijiti viwili vitatu, ndivyo ulivyokuwa navyo. Lakini Kalunde alitaka moto wa kujivunia, na wageni walikuwa tayari njiani. Akauliza tena. Mti ukanyamaza. Akarudi na shoka, akaukata.

Utomvu mwekundu kama damu uliutoka mninga, ukamchirizika Kalunde mpaka viwikoni. Akajifuta kwa majani, akabeba kuni.

"Mwanangu, hizi mbona nzito hivi?" Bibi Nyanzobe aliuliza alipozipokea.

"Zitashika tu, mama. Wageni hao wanaingia."

Bibi alizitazama zile kuni, akamtazama mkwewe mikono. Alijua. Lakini hakutaka kumwaibisha mbele ya watu, akapiga magoti kupuliza. Kuni zikatoa povu kwenye ncha, zikalia kwa sauti nyembamba, na moshi ukafuka, mzito, mchungu. Wageni wakakimbilia nje wakifikicha macho. Hata Milembe alikimbia. Bibi hakutoka. Alipuliza mpaka ugali ukaiva.

Posa ilikubaliwa, naam. Ila macho ya bibi yalianza kwa wekundu, yakaishia kwa ukungu. Siku ya harusi alimjua mjukuu wake kwa kumpapasa uso.

"Amependeza?" akauliza.

Kalunde alikwenda kwenye kisiki cha mninga, akakipigapiga. "Umechoka na lipi?" Kimya. Akaenda kwa miti mingine, mmoja mmoja, na yote ikanyamaza; habari ilikuwa imeshapita mizizini. Akarudi jikoni, akapiga magoti mbele ya kuni za mninga zilizobaki, zikifuka mafigani, akainamisha kichwa karibu nazo. "Nisamehe," akasema. Pumzi ya neno lile ikaamsha moto. Moto uliwaka. Jibu halikuja.

Na tangu siku hiyo, ukuni mbichi hutoa povu na kulia, na moshi humtafuta mpishi machoni. Wanawake hutembea mpaka jua liwe la utosi kutafuta kile walichokuwa wakipewa kwa kuuliza. Na hakuna aliyewahi, mkubwa kwa mdogo, kupuliza moto wa kuni bila kwanza kuinamisha kichwa.