Kwa Nini Mchezaji Aliyepigwa Husema Asante

Kulikuwa na wakati ambapo askari wa mchezo wa jiwe waliweza kupita chini ya mkuki wa adui wasiguswe. Ninyi mnaocheza leo mtashangaa, lakini ndivyo ilivyokuwa huku milimani, wakati watu wa Kwamndo na watu wa Irondo walipotegemea ndiva moja, yaani bwawa moja la kukusanyia maji ya mfereji.

Maji hayo hayakuvitosha vijiji viwili wakati wa kiangazi, na kwa ajili yake vilizuka vita vilivyoua wanaume kumi na tisa. Watu walipochoka kuzika, wakakubaliana kwamba kuanzia hapo watapigana mara moja tu kwa mwaka, tena juu ya jiwe bapa lililo kando ya ndiva. Wakachora miraba juu yake. Askari wa Kwamndo wakawa maharage meupe, wa Irondo maharage meusi. Atakayefikisha askari wake kwenye mstari wa mwisho wa adui, kijiji chake kitamwagilia kiangazi chote. Wengine watapata maji ya kunywa tu.

Kwa zamu yake, mchezaji alimsogeza askari mmoja mraba mmoja, au alimpiga adui aliyekaribiana naye. Asiyekuwa na zamu alikalia mikono yake. Lakini vitendo vya haraka havikuhesabiwa. Kuokota podo la mishale, kupokezana ngao, kupenya kati ya maadui wawili, yote hayo walisema ni ya kufumba na kufumbua, hayali zamu. Kwa hiyo mwenye mkono mwepesi alifanya matano au sita, na mwenzake akabaki kutazama.

Sempombe wa Irondo alikuwa na mkono wa namna hiyo, kama wa mtu anayetoa viazi kwenye majivu ya moto. Alishinda miaka mitatu mfululizo. Mwaka wa nne Kwamndo walimtuma Namkunda, mama wa watoto wawili, kwa sababu wachezaji wote wa zamani walikuwa wamekwisha shindwa. Maharage yake shambani yalikuwa yameanza kutoa maua. Bila maji yangekauka kabla ya kushika mbegu, na mumewe alishasema wakikosa tena watahamia tambarare, kama kaka yake Namkunda alivyohama.

"Kalia mikono vizuri, dada," Sempombe alimwambia walipoanza, "isije ikafa ganzi."

"Haijazoea kukaliwa, kaka. Nyumbani ina kazi."

Watu wakacheka, na mchezo ukaanza kwa amani.

Jua lilikuwa halijafika utosini Sempombe alipofanya kile alichokifanya kila mwaka. Katikati ya jiwe palikuwa na podo, kipande cha unyasi, na kando yake Namkunda alikuwa amemsimamisha askari mwenye mkuki. Harage moja jeusi likampita ubavu kwa ubavu, likaokota podo, likapenya, likatokea upande wa pili. Bado mraba mmoja lifike mstari wa mwisho. Namkunda aliyaona moyoni maua ya maharage yake yakidondoka. Kabla hajafikiri, mkono wake ulishatoka chini ya paja, ukamshika askari mweupe na kumpiga yule mweusi pale pale alipokuwa amepita.

Watu wa Irondo wakasimama. Wa Kwamndo nao wakasimama. Kuna waliokwisha kushika fimbo.

"Namkunda, rudisha mkono," alisema Bibi Nanzia, aliyekuwa mwamuzi. "Ukivunja sheria, maji ni yao."

"Nitarudisha, bibi. Ila naomba kuuliza." Akamnyooshea kidole askari mweupe. "Huyu wangu ana mkuki. Yule kapita hapa, kainama, kaokota podo. Wakati huo huyu wangu alikuwa anafanya nini? Naye kakalia mikono?"

Mtu mmoja alicheka.

"Sheria haibadiliki mpaka pande zote mbili zikubali," alisema Bibi Nanzia. "Sempombe, sema."

Neno moja la kukataa lingemtosha. Namkunda akainamisha kichwa kulingoja. Lakini Sempombe akauliza, "Umempiga wapi?"

"Ubavuni," alisema Namkunda, asielewe. "Alikuwa ameinama, anakwenda mbele."

Sempombe aliligusa lile harage jeusi. Ndipo akasema habari ambayo Irondo wote waliijua na hakuna aliyeitaja mbele yake. Katika vita vile vya kweli, ndugu yake Mrutu alitumwa kuchukua podo lililoanguka kati ya majeshi. Walimkuta amekufa, jeraha likiwa ubavuni. Wazee wakasema mtu anayekwenda mbele huchomwa kifuani, kwa hiyo Mrutu aligeuka kukimbia. Mama yao aliishi na aibu hiyo mpaka akafa.

"Kila mwaka nampitisha hapa," alisema Sempombe, "nione kama podo lilifikika. Na kila mwaka anafika salama, nami nazidi kuamini kwamba alikimbia." Akaliondoa harage jeusi kwenye jiwe kwa mkono wake mwenyewe, akalifumbata. "Hakukimbia. Asante, dada. Nimekubali."

Mchezo uliendelea, na Namkunda akashinda. Alitaka kumshukuru Sempombe kwa tendo. Akasimama mbele ya wazee wa kijiji chake, akaomba Irondo wapewe siku moja ya maji kila baada ya siku mbili, nao wakakubali. Kisha akashuka akiyafuata maji mferejini, mguu kwa mguu, mpaka yakaingia kwenye mashina ya maharage yake. Na kule Irondo, jina la Mrutu likaanza kutajwa pamoja na waliokufa wakienda mbele.

Na tangu siku hiyo, katika mchezo wa jiwe, afanyaye kitendo cha haraka karibu na adui humpa adui nafasi ya kumpiga hata kama si zamu yake. Hupigwa mara moja tu, maana mkuki ukishatupwa haurudi mkononi. Aliyepigwa husema asante, na aliyepiga hatikisi mkono mpaka mwenzake amwokote askari wake.