Bomba la Kwembago Mbele ya Jopo

Hapo zamani, lakini si zamani sana, kwa kuwa ofisi zilikwishakuwapo na wenye ofisi walikwishaanza kuchelewa, palikuwa na mji uitwao Kwembago. Mji huo ulipata maji kwa zamu na malalamiko kila siku. Ndipo mamlaka ya maji ikatangaza kazi ya Afisa Malalamiko. Nafasi moja tu. Kazi yenyewe: kumsikiliza mwananchi, kuandika taarifa, na kuhakikisha bomba limezibwa.

Marafiki watatu wakaomba: Elineema, Mwantumu na Semkiwa. Tangu wamalize chuo hawakupata kazi yoyote. Walichopata ni ushauri wa watu wenye kazi.

Wakaamua kujiandaa pamoja. Kila mchana, nyama ikishaisha, walijifungia kwenye bucha la mjomba wake Semkiwa. Msailiwa alikaa juu ya gogo la kukatia nyama. Wawili waliobaki walisimama nyuma ya kaunta, wakakunja nyuso, wakajiita jopo.

"Karibu uketi. Udhaifu wako ni upi?"

"Napenda kazi kupita kiasi."

"Muongo mkubwa! Lakini hivyohivyo, usibadilishe neno."

Elineema alijibu kama mtangazaji wa mpira. Mwantumu alijibu kwa mpangilio. Semkiwa akikalia lile gogo tu, ulimi unakauka.

"Tueleze siku uliyotatua tatizo."

"Nilifunga bomba."

"Halafu?"

"Likafungika."

Mwantumu akashika kichwa. "Semkiwa ndugu yangu, bomba gani? Ulilifunga na nini? Nani alikuwepo?" Akamhoji kama polisi, mpaka yote yakatoka. Kumbe siku lile bomba kubwa lilipopasuka karibu na zahanati, mafundi wote wakiwa harusini, ni Semkiwa aliyekata mpira wa baiskeli yake mwenyewe, akalifunga, kisha akalikalia mpaka mafundi wakarudi na pilau lao tumboni. Zahanati haikukosa maji, na mama mmoja akajifungua salama.

Mwantumu akayapanga: tatizo, hatua, matokeo. Likawa jibu la kumliza mtu.

"Haya, sema hivyo."

Semkiwa akasema. Likatoka kama tangazo la kukatika kwa umeme.

"Elineema, hebu mwonyeshe."

Elineema akamwonyesha. Akamwonyesha leo, akamwonyesha kesho, akamwonyesha hadi akaanza kuhisi ni suruali yake iliyolowa maji ya lile bomba.

Siku ya usaili ikafika. Mamlaka huita watu kwa mpangilio wa herufi, kwa hiyo akatangulia Elineema. Alikuwa na jibu lake mwenyewe, la namna alivyopatanisha kwaya iliyogombana. Lakini mwenyekiti wa jopo, Bwana Mbaruku, alipouliza tu, "Tueleze siku uliyotatua tatizo," kwaya ikamtoka kichwani, na bomba likampasukia mdomoni. "Nilikata mpira wa baiskeli yangu..." Elineema hana baiskeli. Bwana Mbaruku akavua miwani, akafuta macho.

Akaingia Mwantumu. Swali lilelile.

"Tatizo nililotatua mimi ni mtu," akasema. "Anaitwa Semkiwa. Alifunga bomba la zahanati, ila kulieleza hawezi. Nikamhoji, nikampangia maneno."

Wajumbe wakatazamana. "La zahanati? Kwa mpira wa baiskeli?"

"Hilohilo. Mmelijuaje?"

Mwisho akaingia Semkiwa. Kabla hajaketi vizuri, Bwana Mbaruku akamwambia, "Kijana, kama na wewe umekuja na bomba, tumeshalisikia."

Semkiwa akafikiri. "Basi mmelisikia vizuri kuliko nitakavyolisema mimi."

Jopo likawaita wote watatu kwa pamoja, jambo lisilo kwenye utaratibu, na kila mmoja akatakiwa ajieleze.

"Aliyelowa ni mimi," akasema Semkiwa. "Maneno yalikuja baadaye, na maji yalikuwa yameshazuiwa."

"Nilikosea kusema ni mimi niliyelifunga, nakubali," akasema Elineema. "Lakini mwananchi akija hapa amefura, atatulizwa na mpira wa baiskeli? Humu ndani leo, nani amemtoa mtu machozi?"

Bwana Mbaruku akatazama dari.

"Huyu ana mkono, yule ana mdomo," akasema Mwantumu. "Bila mimi mngeambiwa 'nilifunga, likafungika', kwaheri. Na ni mimi niliyesema ukweli wote bila kuulizwa."

"Wote kabisa," akasema Semkiwa. "Hadi kwamba siwezi kujieleza. Dada, uliniombea kazi au ulinifelisha?"

Jopo likagawanyika. Mjumbe mmoja, mhandisi, akamtaka Semkiwa. Wa pili, mama wa utumishi, akamtaka Mwantumu. Bwana Mbaruku, macho bado mekundu, akamtaka Elineema. Na kanuni ikasema: jina lisipopelekwa mkoani kabla ofisi hazijafungwa siku hiyohiyo, nafasi inarudishwa, na Kwembago itaendelea kulalamika bila afisa. Jopo likafanya linalofanywa na majopo: likaahirisha, likanywa chai. Nje, wale watatu wakaketi benchi moja, mabega yakigusana.

Chai ikaisha. Bwana Mbaruku akafungua kalamu. "Nimeuliza mkoani kama tunaweza kuandika majina matatu," akasema. "Wamecheka."

Sasa namsikia mtu pale nyuma anasema Semkiwa, bila hata kufikiri. Haya bwana, simu ya mlalamikaji ikilia, Semkiwa ataijibu nini? Na wewe dada unayemwitikia Mwantumu kwa kichwa, bomba likipasuka ataliandikia barua? Na wewe unayemcheka Elineema, mbona na wewe ungelia?

Ofisi za mkoa zinakaribia kufungwa, na kalamu ya Bwana Mbaruku iko hewani. Haya, msaidieni: aandike jina la nani?